Kabla Hujatundika Daluga: Kwa Mchezaji Anayeitaka Maikrofoni

Mei 2018 Alex Scott alivua jezi ya Arsenal kwa mara ya mwisho. Mwezi uliofuata alikuwa mbele ya kamera za BBC akichambua Kombe la Dunia la wanaume lililochezwa Urusi, kazi ambayo shirika hilo halikuwahi kumpa mwanamke kabla yake. Kwa mtu aliyewasha televisheni siku ile, ilionekana bahati ya mtende: katoka uwanjani, kaingia studio, basi. Lakini alikuwa amekwisha kusoma shahada ya uandishi na utangazaji wa michezo katika Chuo Kikuu cha Staffordshire wakati bado anacheza beki ya kulia, na kamera alikuwa ameizoea kwa kazi ndogondogo ambazo hakuna aliyezipigia makofi. Nafasi ya Kombe la Dunia ilimkuta tayari.

Nawaandikia wachezaji wa ligi za wanawake hapa kwetu, hasa mlio na miaka ishirini na kitu na mnaoanza kusikia goti likilalamika asubuhi. Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa nyuma ya kioo cha studio, kuandaa vipindi vya michezo, na nimewaona wachezaji wazuri sana wakiketi kwenye kiti cha mchambuzi na kuishiwa maneno dakika ya tatu. Mpira walikuwa wanaujua kuliko sisi wote mle ndani. Hawakuwa wamewahi kufanya mazoezi ya kuusema.

Na wakati wenyewe ni huu. Serengeti Girls wa Tanzania walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Mwaka huohuo Simba Queens wakacheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake kule Morocco. Kenya nayo ilipeleka Junior Starlets Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, timu ya kwanza ya soka ya nchi hiyo kucheza Kombe la Dunia la FIFA la rika lolote. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, walirudi fainali za WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, Julai 2025, baada ya kuzikosa tangu 2010. Maana yake tunao mabinti waliocheza viwanja ambavyo wachambuzi wengi wa kiume tunaowasikiliza kila wikiendi hawajawahi kuvikanyaga. Lakini siku ya mechi ya wanawake bado utamkuta kijana mwenye tai anakisia kwa nini namba sita kachoka.

Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mechi ulizocheza zitakufungulia mlango mara moja tu. Scott ana mechi 140 za timu ya taifa ya England. Ndiye aliyefunga bao pekee katika mechi mbili za fainali ya Kombe la UEFA la Wanawake mwaka 2007, dakika za majeruhi, ugenini Umeå, Sweden, na yeye ni beki. Sifa kama hizo zinamfanya mtayarishaji akupigie simu. Simu ya pili inategemea ulisema nini ulipoitwa mara ya kwanza. Kwa hiyo maandalizi hayawezi kungoja sherehe ya kuagwa, keki na shada la maua. Yaanze ukiwa bado unavaa jezi, wakati mpira ungali wa moto kichwani mwako na kila Jumamosi inakupa kitu kipya cha kusema.

Anza na daftari. Nasema daftari la karatasi, la kurasa mia mbili, kwa sababu simu hupotea na kuharibika, na ukibadilisha simu kila kitu kinaenda nayo. Kila baada ya mechi, kabla hujalala, andika: tarehe, uwanja, kikosi chenu, kikosi chao kadiri unavyokikumbuka, nani kafunga na dakika gani, nani alitolewa na kwa nini. Kisha andika vitu viwili ambavyo mtu wa jukwaani hakuviona. Labda winga wao alikuwa anaumwa mguu tangu kipindi cha kwanza na nyinyi mkaambizana mumpigie mipira upande wake. Labda kipa wenu alikuwa anapiga kelele kuomba ukuta usogee na upepo ukameza sauti.

Kwa nini nalisisitiza hili kuliko yote? Kwa sababu ligi za wanaume zina watu wanaohesabu kila pasi. Ukitaka kujua mshambuliaji wa klabu kubwa ya Ulaya kapiga mashuti mangapi, unabonyeza tu. Ligi zetu za wanawake ni kinyume chake: ukitaka kujua nani alifunga bao la pili misimu mitatu iliyopita, mara nyingi unaishia kumpigia simu kocha, na kocha naye anaanza na “nadhani.” Mchezaji mwenye daftari la misimu minne amekaa juu ya hazina ambayo kituo hakiwezi kuinunua popote. Siku mtangazaji akisema hewani kwamba timu hizi mbili “zimekutana mara nyingi,” wewe ndiye utakayesema zilikutana lini, nani alishinda, na kwamba beki yule wa kati aliyeanza leo alikuwa winga mwaka juzi. Nimeona studio nzima ikigeuka kumtazama mtu kwa sentensi moja ya namna hiyo.

Jicho sasa. Mchezaji anaona mpira tofauti na shabiki, lakini akiketi kwenye kiti cha uchambuzi hujikuta anasema maneno ya shabiki, kwa woga au kwa kuiga. Chukua bao la kawaida kabisa: krosi kutoka kushoto, mshambuliaji peke yake nguzo ya mbali, kichwa, nyavuni. Mchambuzi asiye na maandalizi atasema, “Beki kalala pale, kashindwa kumkaba mshambuliaji, wameadhibiwa.” Mtazamaji hajapata kitu, hayo kayaona kwa macho yake na kayapigia kelele kabla yako. Wa pili, aliyetoka kwenye kozi ya ukocha wiki iliyopita, atatuambia habari za umbo la timu na ukabaji wa kanda mpaka marudio yaishe na mpira uanze upya, na bado hatujajua nani kakosea.

Msikilize huyu: “Turudi nyuma kidogo, mpira ungali mguuni kwa winga. Mtazame namba tatu. Macho yote kwenye mpira, shingo haijageuka hata mara moja. Mshambuliaji alikuwa mbele yake; anarudi hatua mbili, anaingia nyuma ya mgongo wake. Bao limefungwa hapo.” Ni sekunde zisizozidi ishirini. Hakuna neno ambalo muuza genge halijui. Na hakuna ambaye angeyasema kwa uhakika huo isipokuwa mtu aliyewahi kusimama eneo lile, akasikia mbio nyuma ya sikio lake na kujua amechelewa.

Hilo linafanyiwa mazoezi kama penalti. Chukua mechi yoyote, zima sauti, rekodi sauti yako kwa simu. Likiingia bao, ongea juu ya marudio na unyamaze marudio yanapoisha, hata kama sentensi haijafika mwisho. Sikiliza kesho yake, usisikilize usiku huohuo, maana usiku utajipenda. Utagundua umesema “kimsingi” mara nyingi kuliko ulivyosema majina ya wachezaji. Fanya tena. Ukishaweza, mwombe mdogo wako akae pembeni ahesabu kwa sauti kutoka kumi kurudi nyuma wakati wewe unaongea, nawe umalize anapofika sifuri. Ni zoezi la kuchekesha, nakiri, lakini ndivyo kazi ilivyo: sikioni utavaa kifaa kidogo, na ndani yake mtayarishaji atakuwa anakuambia tangazo la biashara linakuja, wakati huohuo mtangazaji aliye mbele yako anakuuliza swali na kamera inakutazama usoni. Mapumziko ni dakika kumi na tano. Ondoa matangazo ya wadhamini, ondoa takwimu za kipindi cha kwanza, ondoa maneno ya mtangazaji mwenyewe. Kinachobaki mnagawana wachambuzi wawili au watatu. Ukitumia nusu yake kumsalimia mtazamaji na kumshukuru Mungu na uongozi wa kituo, umekwisha.

Kama mlango wa kwanza utakaofunguka ni wa redio, usiudharau. Redio inakufundisha jambo ambalo televisheni haitakufundisha kamwe: msikilizaji hana picha, kwa hiyo mpira uko wapi, nani anao, anaelekea goli gani, dakika ya ngapi na matokeo ni nini, yote yanatoka kinywani mwako. Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, aliwafanya Wakenya wauone mpira kupitia kisanduku kisicho na kioo. Tafuta rekodi za watangazaji wa kizazi chake na usikilize jinsi wanavyorudia matokeo bila kuchosha. Ukihamia televisheni utalazimika kujifunza kinyume, kunyamaza. Picha ikionyesha kocha anafuta machozi, hatuhitaji kuambiwa kwamba kocha analia.

Majina. Hili ni fupi. Usitamke jina la mchezaji kwa kubahatisha. Fika uwanjani mapema, nenda kwa meneja wa timu ngeni au kwa mchezaji mwenyewe, muulize jina lake linatamkwaje, uliandike kama unavyolisikia. Wewe mwenyewe unakumbuka jina lako lilivyovunjwa kwenye spika za uwanja.

Halafu sheria za mchezo. Wachezaji, tuseme kweli, hamzisomi. Mnazijua kwa kulalamika kwa mwamuzi. Sheria hubadilika karibu kila mwaka, na mabadiliko hayo kwa kawaida huanza kutumika Julai. Tangu Julai 2025, kwa mfano, kipa akiushika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, adhabu ni kona kwa wapinzani, na si faulo ya ndani ya boksi kama tulivyozoea. Mchambuzi anayemtukana mwamuzi kwa kutoa kona hiyo anajidhalilisha mbele ya mtoto aliyesoma simu yake asubuhi. Tafuta mwamuzi mmoja unayemheshimu, mnywe naye chai kabla msimu haujaanza, akupitishe kwenye mapya.

Kuhusu shule. Si lazima uwe na shahada ili uitwe kuchambua mechi, lakini kama unataka utangazaji uwe ajira yako, na siyo mwaliko wa mechi kubwa tu, ulizia masharti mapema. Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na kiwango cha elimu kilichowekwa ni kuanzia diploma. Kenya, ithibati inatolewa na Baraza la Vyombo vya Habari. Ukitaka kufungua chaneli yako mwenyewe ya habari za soka mtandaoni, wapigie TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kabla ya kununua taa na kamera, ujue kama unahitaji leseni. Diploma inasomeka ukiwa bado unacheza. Scott alifanya hivyo, naye hakuwa mtoto wa tajiri: amekulia Poplar, mashariki mwa London, na katika miaka ambayo soka la wanawake halikuwa na mshahara wa maana, klabu ilimpa kazi ya dobi, anafua jezi za timu ya wanaume. Mchezaji wa kwetu anayefanya kazi jeshini au dukani na kufanya mazoezi jioni anaijua ratiba hiyo vizuri.

Sauti yako sasa, maana hapa ndipo mabinti wengi wanaharibikiwa. Wanapoketi mbele ya maikrofoni wanaiacha sauti yao nje ya mlango na kuvaa ya mtu mwingine: wanavuta maneno, wanachomeka Kiingereza kila baada ya koma, wanacheka pasipo cha kuchekesha. Wakati wa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, mwanasiasa mmoja mwenye cheo cha ulodi, Digby Jones, aliyewahi kuwa waziri wa biashara, alijitokeza hadharani kulalamika kwamba Alex Scott anakata herufi za mwisho wa maneno na kuharibu matangazo. Scott akamjibu kwamba ametoka familia ya wafanyakazi mashariki mwa London na anajivunia hivyo anavyozungumza. Mwezi uliofuata alianza kuongoza Football Focus, kipindi cha BBC kilichoanza 1974 na ambacho hakikuwahi kuwa na mwanamke kama mtangazaji wake wa kudumu.

Lafudhi ya Mara, ya Kigoma, ya Pemba au ya Kakamega haimzuii mtu kueleweka. Kinachomzuia mtu kueleweka ni kuongea kwa kasi, kumeza mwisho wa sentensi, na kutopumua. Hayo yatengeneze. Soma gazeti kwa sauti kila siku, ukurasa mmoja, umesimama. Lafudhi iache ilivyo. Wapo maelfu wanaoongea kama wewe ambao hawajawahi kujisikia kwenye televisheni.

Swali gumu zaidi utakalokutana nalo halitatoka kwa mtangazaji. Litatoka kwa mwenzako mliyelala naye chumba kimoja kambini, ambaye leo amekosa penalti nawe umesema hewani kwamba alichagua upande kabla hajafika kwenye mpira. Atakupigia usiku. “Dada, na wewe?” Utakuwa na majibu kama umeshika mpaka mmoja: sema alichokifanya, usiseme yeye ni mtu wa namna gani. “Amechagua upande mapema” ni kazi. “Hana roho ya mechi kubwa” ni udaku. Na mpaka wa pili: ulichokiona uwanjani ni chako kukisimulia, ulichokisikia kwenye chumba cha kubadilishia nguo si chako. Nani alikopa, nani haongei na kocha, nani anatembea na nani, hayo yaache yafe. Wapo waandaaji watakaokutega uyaseme, kwa sababu yanaleta wasikilizaji kwa wiki mbili. Baada ya wiki hizo mbili hakuna mchezaji atakayepokea simu yako, na mchambuzi asiyepokewa simu hana habari.

Acha pia kusema “sisi.” Najua ulivaa ile jezi miaka saba. Ukisema “tumefungwa kizembe” shabiki wa timu ya pili amekwisha kuzima.

Kuna mazungumzo mengine ya kizembe ambayo yanafuata soka la wanawake kila yanapoonekana mafanikio: huyu ni mwanamke kweli? Barbra Banda wa Zambia aliondolewa kwenye WAFCON ya 2022 kwa masuala ya vipimo vya homoni, nchi nzima nzima zikaujadili mwili wake. Mwaka 2024 akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa kike Afrika. Likijitokeza kwenye kipindi chako, sema kanuni inasemaje na nani anayeamua, kisha rudi kwenye mpira. Mwenzako wa studio akianza utani, usicheke. Huhitaji hotuba. Kimya chako hewani kinasikika.

Nawe utadharauliwa, tena mara nyingine kwa njia ya sifa. Kwenye Kombe la Dunia la 2018, Eni Aluko, mshambuliaji wa zamani wa England, alitoa uchambuzi mzuri wa mechi ya Costa Rica na Serbia kwenye ITV. Patrice Evra, aliyekaa pembeni yake, akampigia makofi hewani kana kwamba mtoto wa chekechea kataja herufi zote. Aluko aliendelea na kazi yake kwa utulivu, na video ile ikazunguka dunia ikimwaibisha mpiga makofi. Hutaweza kupanga watu wakuheshimu, ila unaweza kupanga kiti. Kabla ya kipindi kuanza, muulize mtayarishaji: sehemu yangu ni ipi? Nachambua nini, dakika ya ngapi? Akikujibu “wewe utachangia tu, tunataka na sura ya kike,” basi wewe ni pambo, na mapambo hubadilishwa kila sikukuu. Omba upewe kitu cha kwako: ukuta wa nyuma wa timu zote mbili, au mipira ya kutenga, au makipa. Kidogo lakini chako. Na omba mechi za wanaume pia. Mpira uliouchezea una vipimo vilevile. Wakati huohuo usizitupe mechi za wanawake ukishapata jina, kwa sababu huko ndiko uliko na kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Amanda Dlamini wa Afrika Kusini, aliyekuwa nahodha wa Banyana Banyana na kucheza mechi zaidi ya 100, tumemwona SuperSport akiongelea soka pana, na bado ikifika zamu ya wanawake anaongea kama mwenye nyumba.

Matusi ya mitandaoni yatakuja, na usidanganywe kwamba yanazoeleka. Scott ameeleza hadharani, na katika kitabu chake cha 2022, kwamba alitukanwa na kutishiwa maisha kiasi cha kuanza kujificha kwenye pombe, mpaka alipotafuta msaada wa mshauri wa kisaikolojia. Mtu wa mechi 140 huyo. Kwa hiyo jipangie mapema. Siku ya mechi, simu akae nayo mtu mwingine mpaka kesho. Maoni ya kazi yako yatoke kwa watu watatu unaowaamini, mmoja wao asiwe rafiki yako. Tusi la kawaida lipite. Tishio, au picha iliyochezewa, lipige picha ya skrini ionyeshe jina la akaunti, tarehe na saa, ndipo umfungie mtu huyo, halafu uende polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na uonevu wa mtandaoni umo ndani. Uingereza wapo waliokwisha kuburuzwa mahakamani kwa kuwatukana wachambuzi wanawake. Ushahidi ukifutwa, hata askari mwenye nia njema hana pa kuanzia.

Pesa nimeiacha nyuma lakini siyo kwa kuwa ni ndogo. Kituo kikikuita, uliza kwa adabu, kwa maandishi: malipo ni kwa mechi au kwa mwezi? Mechi ikiahirishwa nikiwa nimeshafika, nalipwa? Nani ananirudisha nyumbani saa tano usiku? Hilo la mwisho liulize kwanza. Wanaume wanadandia bodaboda na kwenda zao, wewe usikubali. Uliza pia kama unaruhusiwa kutumia vipande vyako vya video kwenye kurasa zako, na kama unazuiwa kwenda kituo kingine. Ukiwa bado una mkataba na klabu, pata ruhusa yao kwanza, kwa sababu mikataba mingi ina kipengele kuhusu kuzungumza na vyombo vya habari.

Na kubeti. Vipindi vingi vya michezo vinadhaminiwa na kampuni za kubahatisha, na utaombwa utoe “utabiri wa mkeka wa leo.” Ukiwa bado mchezaji, kataa bila kusita; kanuni za maadili za FIFA zinawakataza watu wa mpira kujihusisha na kubeti mechi za soka, na kufungiwa kwa ajili ya posho ya studio ni hasara isiyo na maelezo. Ukishastaafu ni uamuzi wako, ingawa mimi ningekushauri ubaki kwenye kueleza kilichotokea. Mkeka ukichanika, atakayelaumiwa ni wewe, siyo kampuni.

Sasa namna ya kuingia. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na vituo vitahitaji sauti nyingi kuliko zilizopo, kwa Kiswahili, kwa wiki kadhaa mfululizo. Usisubiri mwaka huo ufike. Tengeneza klipu moja ya dakika mbili: sekunde kumi za jina lako, timu ulizochezea na nafasi uliyocheza, kisha mabao mawili ya ligi ya wanawake unayachambua kwa sauti yako juu ya mchoro ulioukunjua mezani au vifuniko vya soda, kwa sababu picha za televisheni zina wenyewe na huna haki ya kuzitumia. Simu isimame juu ya kitu kisichotikisika, dirisha liwe mbele yako na siyo mgongoni, feni izimwe. Itume kwa mtayarishaji wa kipindi, siyo kwa mkurugenzi wa kituo, na uitume Jumatatu au Jumanne. Ijumaa hakuna anayefungua chochote, kila mtu anahangaika na ratiba ya wikiendi. Mwishoni mwa ujumbe mtajie mechi moja ya wanawake inayokuja na jambo moja unalolijua kuihusu ambalo hajalisikia. Litoe kwenye daftari.

Akikujibu kwamba nafasi iliyopo ni ya redio ya mkoani, mechi ya saa nane mchana juani, na malipo ni nauli na chakula, kubali kwa msimu mmoja, muandikishiane kwamba ni msimu mmoja, na rekodi kila mechi unayotangaza.